Waya aliponiuliza kwa nini nalala hoteli

Wasee, wacha nianze na simu ambayo niliogopa kushika.

Ilikuwa Ijumaa, saa moja jioni. Nimeshuka basi la Nairobi hapo Kisumu, begi mgongoni, miguu imevimba kwa kukaa siku nzima. Nimechukua tuktuk hadi hoteli moja ya kati, zile ambazo hazina nyota tano lakini pia si lojing'i ya nyuma ya stendi. Shilingi 4,500 kwa usiku, kifungua kinywa ndani, neti juu ya kitanda, maji moto yapo, wai-fai inakuja ikitaka. Nimelipa na pesa yangu, ya kazi yangu. Manze nilijiona mtu mzima.

Getini soja akanisimamisha. "Boss, unamletea nani?" Alidhani nimeleta chakula cha mtu. Nikamwambia mimi ni mgeni, nina chumba. Akaniangalia, akaangalia begi, akaniambia nilifungue. Dakika moja kabla yangu alikuwa ameingia Mzungu mwenye begi mara mbili ya langu. Yeye alifunguliwa geti, akaambiwa karibu sana, begi likabebwa. Sikugombana. Soja naye ana wakubwa wake, na huenda siku moja aliumia kwa kumwachilia mtu. Lakini nilisikia.

Ndani mambo yalikuwa poa. Dada wa mapokezi akanisukumia kitabu kikubwa chenye mistari: jina, namba ya kitambulisho, simu, unatoka wapi, unaenda wapi, sahihi. Niko hapo kwa "unaenda wapi" nikijiuliza niandike nini, simu ikalia. Waya.

Kama hujui, Waya ni shangazi kwa Kijaluo, dada ya baba. Wangu anaishi Manyatta, safari fupi tu ya boda kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Kumbe kuna mtu aliniona nikishuka basi. Kisumu haina siri.

"Nyathina, niambie nimekukosea wapi."

"Hujanikosea kitu, Waya. Kwa nini?"

"Unalala hoteli kama mtu ambaye hana watu. Na mimi niko."

Nikajaribu kueleza: nimekuja kazi, nina video za kukata usiku, sitaki kusumbua watoto, kesho nitakuja tule. Akanyamaza, halafu akasema sawa. Ile sawa ya mama wa Kikenya ambayo si sawa kabisa.

Usiku huo nililala kwenye shuka nyeupe na roho chafu. Nikamwona Waya mtu wa zamani tu. Kwani kulipia kitanda ni dhambi? Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma na kuuliza wazee historia ya kulala Kisumu. Si historia ya wafalme na vita. Swali dogo tu: mtu akifika mji huu usiku umeingia, alilala wapi, na nani aliamua? Nilichopata kilifanya nimpigie Waya simu nimwombe msamaha. Nikuonyeshe kwa nini.

Mji wa wageni, lakini wageni gani?

Anza na jina lenyewe. Maelezo yanayosikika sana ni kwamba Kisumu linatokana na neno la Kijaluo la kubadilishana chakula. Kukiwa na njaa kwenu, ulibeba ulichonacho, ukaenda kwa watu wenye nafaka, mkabadilishana, ukarudi nyumbani na kitu cha kupika. Huko ndiko kulikuwa kwenda kisuma. Kwa hiyo kabla ya reli na kabla ya lami, hapa palikuwa mahali ambapo mgeni mwenye shida angefika na kupata chakula. Shika hiyo, tutairudia.

Halafu reli ikaja. Desemba 1901 reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa, ikafika ufuoni mwa ziwa. Kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa msimamizi wa ujenzi wa reli. Kumbuka wakati huo sehemu hii ilihesabiwa kuwa Uganda. Ilihamishiwa kwa himaya iliyokuja kuwa Kenya mwaka 1902. Yaani mji ulipewa jina la mgeni na ukahamishwa nchi, na mwenye shamba la jirani hakuulizwa.

Kutoka hapo, kila aliyeenda Uganda alipitia Kisumu. Ulishuka treni, ukapanda meli. SS Winifred ililetwa kutoka Uingereza vipande vipande ikaunganishwa hapahapa. Winston Churchill alipita mwaka 1907 akielekea Uganda. Theodore Roosevelt alipita mwisho wa 1909, muda mfupi baada ya kumaliza urais wa Marekani. Na kuanzia 1931 mambo yakawa makubwa zaidi: ndege za majini za shirika la Imperial Airways zikaanza kutua ziwani. Hebu fikiria, ndege inashuka juu ya maji ya Nam Lolwe huku wavuvi wa ngege wakitazama. Mwaka 1937 njia ile ilikuwa inatoka Southampton huko Uingereza mpaka Durban, na Kisumu ilikuwa moja ya vituo. Safari ilichukua siku kadhaa, ndege ziliruka mchana, na usiku abiria walipelekwa kulala hotelini, kwenye vituo vya njiani.

Kwa hiyo miaka 90 iliyopita dunia ilijua Kisumu kama mahali pa kulala. Ukisoma mpaka hapo unaweza kujisikia vizuri. Mji wetu ulikuwa na wageni wa ndege wakati miji mingi haikuwa hata na uwanja!

Lakini uliza swali la pili: babu yangu angelala wapi?

Mlango wa nyuma

Jibu ni kwamba angeingia hoteli hiyo, sawa, lakini kwa mlango wa nyuma. Kama mpishi. Kama dobi. Kama "boi" wa chumba, neno ambalo mwanamume wa miaka 50 mwenye wajukuu aliitwa na kijana wa miaka 20. Hoteli za maana za koloni zilikuwa za Wazungu. Hata Mhindi mwenye maduka hakukaribishwa, sembuse Mwafrika.

Na ilikuwa zaidi ya hoteli. Mji wenyewe ulipangwa hivyo. Wazungu juu Milimani, penye upepo wa ziwa na nafasi. Wahindi katikati, karibu na maduka. Waafrika pembeni. Kaloleni, ambako Waswahili, Wanubi na Waislamu wengine waliweka makazi ya zamani sana, ilikuwa ya watu wa kufanya kazi mjini. Nyalenda na Manyatta zilikua nje ya mpaka wa mji, na ziliingizwa rasmi ndani ya manispaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpaka ulipopanuliwa. Kwa hiyo nyumba ya Waya wangu iko mahali ambapo kwa miaka mingi mji ulikuwa unasema: ninyi hamko kwangu, mko nje.

Halafu kulikuwa na karatasi. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kubana watu kwelikweli baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kubeba kipande: jina, alama za vidole, mwajiri wake, alianza kazi lini, aliachishwa lini. Wengi walikitundika shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Bila kipande, au mwajiri asipokitia sahihi, ukishikwa njiani wewe ni mhalifu. Mtu hakuwa msafiri. Alikuwa mfanyakazi wa fulani, au alikuwa mtoro.

Na msidhani wazee walikaa kimya. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, huko Gem, kwenye mkutano ambao jina lake wazee wanalitaja mpaka leo: Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walimu vijana kama Jonathan Okwiri walikuwa mbele. Walilalamikia kodi, kazi za kulazimishwa, na kipande. Angalia umri wa kundi hilo na jina lao: waliitwa Young Kavirondo Association. Walikuwa vijana, kama mimi na wewe, na jambo moja lililowauma ni kuulizwa karatasi kila wakienda mahali.

Kuna kisa kimoja kinaeleza ubaguzi ule kuliko sheria yoyote. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, hapahapa ziwani, alikuwa mkaguzi wa afya Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Siku moja yuko ofisini peke yake, mama Mzungu akaingia na sampuli ya maziwa ya kupimwa. Akaangaza huku na huku, akauliza kama hakuna mtu hapo. Mboya amekaa mbele yake! Alisimulia mwenyewe baadaye. Huyo mama hakuwa kipofu. Tatizo ni kwamba macho yake yalifundishwa kwamba mtu ni wa aina moja tu.

Nilipokisoma kisa hicho nilimkumbuka soja wa getini. Hatulingani, najua. Lakini yeye pia aliniangalia mimi mgeni, akaona mleta chakula.

Hoteli ya Waya

Sasa rudi kwa swali: babu alilala wapi? Alilala kwa mtu wake.

Dani yangu, mama yake baba, alinisimulia safari ya 1974. Baba alikuwa mtoto, ameshikwa na malaria mbaya. Dani akambeba mgongoni mpaka barabarani, akapanda gari hadi Kisumu, hospitali ambayo watu bado wanaiita Russia kwa sababu Wasovieti ndio walisaidia kuijenga. Mtoto akalazwa. Dani hakuwa na pesa ya chumba popote. Hata kitambulisho hakuwa nacho, na si uzembe wake. Mwaka 1947 kipande kilibadilishwa kuwa usajili wa watu wa rangi zote, lakini uliwahusu wanaume. Sheria ilirekebishwa 1978 ndipo wanawake wakaingizwa. Soma tena hapo. Miaka 15 baada ya Uhuru ndipo nyanya zetu walihesabika kuwa watu wa kupewa kitambulisho chao wenyewe.

Dani alilala Kaloleni, kwa binamu wa mumewe ambaye alikuwa hajawahi kuonana naye. Vyumba viwili, watu kumi na mmoja. Alipewa mkeka, akapewa ugali na omena, na hakuna aliyemuuliza unatoka wapi na unaenda wapi kwa kumwandika. Walimuuliza kwa kumjua: wewe ni wa nani? Akataja jina la baba mkwe, wakasema ah, karibu nyumbani. Alikaa wiki tatu. Hakulipa kitu, ila mavuno yalipokuja alituma gunia la mtama.

Unaona? Ni kisuma ileile. Unafika na shida, unapata chakula, unarudisha ulichonacho.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoteli ya kati ya Kisumu kwa zaidi ya miaka 60. Haikuwa na kibao. Ilikuwa sakafu ya Waya, kiti cha mjomba, kitanda kimoja cha wanafunzi watatu. Watu walifanya hivyo kwa utu, ndiyo, ni mila. Lakini pia walifanya hivyo kwa sababu mlango mwingine ulifungwa. Na walipopata nguvu kidogo wakaanza kujijengea milango yao. Oginga Odinga na wenzake walichanga hisa miaka ya 1940 wakaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni iliyojenga Ramogi House mjini Kisumu, ili Mwafrika pia awe na jengo la maana katikati ya mji, badala ya kuuza mboga pembeni. Luo Union nayo ilijenga Ukumbi wa Ofafa, kwa ukumbusho wa Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Watu walikuwa wanasema kwa matofali: na sisi pia tunaweza kukaribisha.

Kwa hiyo Waya akisema "unalala hoteli kama mtu ambaye hana watu", si ushamba. Anaongea kutoka kwa mji ambapo kuwa na watu ndiko kulikuwa na kitanda. Kukataa mkeka wake ni kama kumwambia kile alichojenga hakina kazi tena.

Jinsi mlango ulivyofunguka

Uhuru ulipokuja 1963 sheria za rangi zilikuwa zinakufa. Kwenye karatasi ungeweza kulala popote. Lakini kuna kufuli nyingine inaitwa bei.

Na Kisumu ilikuwa na kidonda chake. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hiyo hospitali ya Russia. Kukawa na majibizano makali kati yake na Odinga, umati ukapiga kelele, walinzi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilisema watu 11 walikufa. Wenyeji wamesema siku zote kwamba walikuwa wengi zaidi. Chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini. Baada ya hapo mji ukanuniwa. Ukiwauliza wazee watakuambia Kisumu ilibaki mahali watu wa serikali wanapita haraka.

Hoteli kubwa zilizokuwepo zilikuwa na hadithi zao. Kisumu Hotel ya zamani leo iko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Maseno. Sunset Hotel, upande wa Milimani ukitazama ziwa, ilikuwa na pesa ya serikali ndani, na baadaye ikaingia kwenye orodha ya mali za umma za kubinafsishwa, pamoja na Golf Hotel ya Kakamega na Kabarnet Hotel. Zilikuwa nzuri, lakini mwalimu wa Bondo au muuza mitumba wa Busia hakuziona kama zake.

Angalia hata lugha yetu. Mkenya ukimwambia "twende hoteli", anawaza chai, chapati na madondo. Kulala ni "lojing'i". Sijui nchi ngapi duniani zinaweza kuwa na kibao cha hoteli ambayo haina hata kitanda kimoja. Mimi nafikiri neno lilifuata mlango: mahali pa kula ndipo mwananchi aliweza kuingia, kwa hiyo hapo ndipo palipokuwa hoteli yake. Na lojing'i ikabaki na sifa mbaya, mahali pa watu wa kujificha. Ndiyo maana ukimwambia shangazi yeyote umelala lojing'i anashika kichwa.

Hoteli ya kati, ile ya mimi na wewe, ilikuja polepole na kwa sababu za kawaida sana. Wacha niseme nne.

Kwanza, semina. Watafiti wa KEMRI wapo Kisian, nje kidogo ya mji, na Kisumu ikawa makao ya utafiti wa malaria na baadaye Ukimwi. Mashirika yakaja, na kila shirika lina warsha, na kila warsha ina wauguzi na walimu waliopewa posho ya kulala. Wasee, Wakenya wengi walilala hoteli ya kati kwa mara ya kwanza kwa sababu ya semina! Mama akarudi nyumbani na kalamu, daftari na sabuni ndogo.

Pili, mji ulipata hadhi. Kisumu ilitangazwa jiji mwaka 2001, ikisherehekea miaka 100. Uwanja wa ndege ukapanuliwa.

Tatu, M-Pesa, 2007. Unaweza kucheka, lakini uliza mtu mzima alivyosafiri kabla. Pesa ndani ya soksi, nyingine ndani ya sidiria, usiku huna usingizi unahesabu. M-Pesa ilifanya mtu wa kawaida aweze kulipia chumba Kisumu akiwa Eldoret, bila kadi ya benki. Kabla ya hapo, kulipia kabla ya kufika kulikuwa kwa wenye akaunti.

Nne, kaunti, 2013. Kazi za serikali zikashuka kutoka Nairobi. Wakandarasi, mawakili, waandishi, wapiga picha za harusi, mashabiki wa Gor Mahia. Ghafla mgeni wa Kisumu hakuwa Mzungu wa meli. Alikuwa Mkenya mwenye begi moja na chaja.

Halafu Mei 2022 ikatokea kitu ambacho kwangu ndicho kinafunga hadithi. Kisumu iliandaa mkutano wa Africities, miji ya Afrika yote. Maelfu ya wageni. Vyumba havikutosha. Unajua kaunti ilifanya nini? Iliwaomba wenyeji wafungue nyumba zao, wapokee wageni kwa malipo. Yaani mji ulipobanwa, ulirudi kubisha kwa nani? Kwa Waya.

Sasa maoni yangu

Jumamosi nilienda Manyatta. Waya alikuwa amepika samaki wa kutosha familia tatu, na hakutaja hoteli hata mara moja, ambayo ni mbaya kuliko kutajwa. Wakati huo sikujua nimwambie nini, kwa hiyo niliosha vyombo. Ila kabla sijaondoka nikamwambia, "Waya, kesho ukitoka kanisani pitia kwangu tunywe chai."

Alikuja. Nguo ya Jumapili, kitambaa kichwani, mkoba mkononi. Nilikuwa dirishani nikamwona kwenye geti. Soja ni yuleyule. Akamuuliza, "Mama, unaenda wapi?" Sikusikia jibu, lakini dada wa mapokezi alinisimulia baadaye. Waya alisema, "Naenda kwa mtoto wangu. Anakaa hapa." Geti likafunguka.

Alikunywa chai mbili, akaonja soseji akaiacha, akauliza kwa nini hakuna viazi vitamu. Akataka kuona chumba. Akabonyeza godoro kwa ngumi, akakagua choo, akaangalia neti kama ina matundu. Halafu akasema ni pasafi. Aliketi kwenye kiti kando ya dirisha akaniambia kitu ambacho hakuwa amesema kamwe: mwaka 1988 alitafuta kazi ya usafi kwenye hoteli moja mjini, akaingia vyumbani siku tatu za majaribio, akakosa kazi. Ilikuwa mara yake ya mwisho kuona chumba cha hoteli. Siku hiyo ya kwangu alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele.

Sasa mnielewe. Sisemi tuache kulala kwa jamaa, na sisemi tukilala hoteli tumepotea. Nasema tujue tunachofanya.

Kwako kijana mwenzangu: ukilipia chumba chako Kisumu, Homa Bay au Mbita, ingia kichwa juu. Wewe si mtu wa kushukuru kuruhusiwa. Uliza risiti, uliza maji moto, sema neti ina tundu. Kuna watu walikutana Lundha ili wewe uweze kusafiri bila karatasi ya mwajiri. Lakini ukiwa na Waya mjini, mpigie kabla hujafika, si baada ya yeye kuambiwa na jirani. Mwalike aone. Kama una pesa ya usiku mbili, mlipie usiku mmoja alale yeye, na wewe ulale kwake.

Kwako mwenye hoteli: Mkenya mwenye begi la mgongoni ndiye mteja wako, mwezi wa utalii na usio wa utalii. Mwaka 2008 mji ulipowaka baada ya uchaguzi, wageni wa mbali walitoweka. Waliorudi kwanza kulala Kisumu walikuwa Wakenya. Kagua mabegi kama ni usalama, lakini kagua yote. Na uweke viazi vitamu kwenye kifungua kinywa, aki. Miaka yote hii baada ya Uhuru bado tunapewa maharage ya kopo ya Mwingereza, na soko la Jubilee liko palepale.

Kitabu cha mapokezi nacho nilikirudia Jumapili nikitoka. Sisemi kitambulisho ni kipande. Siku hizi kila mgeni anaandika, wa Nairobi na wa London. Lakini niliona pale kwa "unaenda wapi" nilikuwa nimeacha wazi, kwa sababu simu ya Waya ilinikatiza. Dada akaniambia nimalizie tu.

Nikaandika Manyatta.